Mzee Koili na Kompyuta Isiyonguruma

Zamani mashine yenye nguvu ilijitangaza yenyewe, ukaisikia tangu barabarani na ukiigusa ikakuunguza. Siku hizi yenye nguvu imenyamaza mezani kama mgeni aliyekuja kuposa, na nguvu zake huzijui mpaka uambiwe na aliyesoma karatasi.

Mzee Koili alikuwa mtu wa zamani. Jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na kazi. Alikuwa fundi wa kusuka mota. Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, au pampu ya kisima ikianza kutoa moshi badala ya maji, ililetwa kwenye karakana yake iliyoegemea ubavu wa nyumba, ikaingia maiti ikatoka nzima. Aliifungua, akang'oa waya ulioungua, akakwangua ile mifereji ya chuma, akaitandika karatasi ngumu, kisha akaanza kusuka koili mpya ya waya wa shaba, zamu juu ya zamu, midomo ikihesabu bila sauti. Ukimsemesha wakati huo hakujibu hata kama nyumba inawaka. Akimaliza aliipaka vanishi, akaianika, akaiunganisha na umeme, akaweka kiganja juu yake na kufumba macho. Kiganja kile ndicho kilichotoa hukumu. "Hii imepona," alisema, au, "Hii bado ina homa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi, na watu waliiheshimu. Fundi hakuwa mtu wa kuchomoa kipande na kuchomeka kingine. Sasa mota ikiungua inatupwa, inanunuliwa nyingine nyepesi kama sufuria, ndani yake waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba, na hiyo nayo ikiungua inatupwa. Wanasema dunia inasonga mbele. Inasonga kwenda wapi, hawasemi. Karakana ya Mzee Koili ilibaki na vumbi, mabaki ya waya, na jirani yake wa miaka mingi, fundi redio aliyeitwa Spika, ambaye naye hakuwa na redio za kutengeneza na kwa hiyo alikuwa na nafasi tele ya kuja kumkera mwenzake.

Mkewe alipofariki, nyumba ilimpwaya kama shati la kuazima. Binti yake wa pekee alikuja msibani na mumewe, wakakaa kidogo, wakakaa kidogo tena, mwisho wakajikuta wamefungua mabegi katika vile vyumba viwili vya uani. Mzee hakuuliza sababu. Mtu haiulizi mvua kwa nini inanyesha wakati shamba lake linakauka. Asubuhi alisikia tena ufagio uani. Jioni alisikia mtu akicheka jikoni. Akarudia hata kunyoa ndevu.

Kazi ya hao wawili hakuielewa sawasawa. Mume, ambaye kila mtu alimwita Kamera, alikwenda na kamera yake kwenye harusi, mahafali na mikutano, akarudi. Kisha yeye na mkewe wakaketi mbele ya kompyuta kutwa nzima. Mzee akipita dirishani aliwaona wakitazama watu wanacheza, watu wanakata keki, bibi harusi analia, wanamrudisha nyuma, analia tena. "Kazi za siku hizi," alijisemea. "Mtu analipwa kwa kutazama." Hakuuliza zaidi. Aliona kuuliza ni kujishusha, na pengine alihofia jibu litakuwa refu.

Tatizo lilikuwa umeme. Upande ule ulikatika karibu kila siku, na ukikatika haukuaga wala haukusema utarudi lini. Mzee mwenyewe alikuwa ameweka paneli za sola juu ya bati, betri mbili chini ya meza ya jikoni, na inveta ukutani ya kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo. Mfumo huo ulitosha taa, redio na feni. Lakini kompyuta ya Kamera ilikuwa jitu, sanduku kubwa kuliko kreti ya soda, nalo liliunguruma kama linapandisha maji ghorofani. Ukiliwasha kwenye betri, hata chai haijapoa, inveta inaanza kulia pii, pii, pii, na kila kitu kinazima.

Jioni moja wakiwa mezani, binti akaweka kijiko chini.

"Baba, tumepata vyumba mjini. Kule umeme haukatiki ovyo."

Mzee akatafuna, akameza. "Mmepata au mnatafuta?"

"Tumepata."

"Kwa hiyo kinachowahamisha ni umeme."

Binti akamtazama mumewe. Kamera akaitazama sahani yake.

"Ndiyo, baba. Umeme."

"Basi hilo ni langu," akasema Mzee Koili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akakaa wima kwenye kiti. "Umeme ukigoma katika nyumba hii anaulizwa nani kama si mimi? Hilo jitu lenu linakula kama lina minyoo. Nasikia kuna kompyuta ndogo, zisizokula. Nitawatafutia moja itakayobebwa na betri zangu asubuhi mpaka jioni. Nikiipata, je?"

"Ukiipata..." Binti alisita. "Ukiipata, baba, hatuondoki."

"Kamera, umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Wewe ndiye shahidi. Usije ukanigeuka kama mbunge."

Kamera akacheka, binti akacheka, na Mzee akaongeza mchuzi. Usiku ule alilala kama mtu aliyepewa kazi. Akiipata kompyuta iliyo sawa, wanawe wangebaki. Asipoipata, angebaki na Spika.

Duka la kompyuta lilikuwa na vioo kila upande na ubaridi wa kutengenezwa. Muuzaji alikuwa mwana wa mtu ambaye Mzee Koili aliwahi kumsukia pampu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kompyuta isiyokula."

Akawekewa mbele visanduku viwili vyeusi, kila kimoja hakizidi ukubwa wa kitabu kinene. Mzee alidhani ni chaja, akasubiri kompyuta zenyewe zije. Hazikuja.

"Ndizo hizo," akasema muuzaji. "Tofauti yao ni prosesa, yaani ule ubongo. Hii prosesa yake ni ya watt sita, haina hata feni. Hii ni ya watt thelathini na tano."

Mzee akachangamka. Watt alizijua kama anavyovijua vidole vyake. "Kwa hiyo hii ina nguvu karibu mara sita ya hii."

"Hapana, si hivyo."

"Basi ina nguvu ndogo kuliko hii?"

"Hapana, ina nguvu zaidi. Ila si kwa sababu ya watt."

"Watt si nguvu?"

"Watt ni... tuseme joto, mzee. Ni joto ambalo prosesa imeruhusiwa kutoa. Na hii ya thelathini na tano haili thelathini na tano muda wote. Ikikaa bure inakula kama huyo mdogo wake tu, au kuzidi kidogo. Ikibanwa na kazi inaweza kupanda hata sitini."

"Imeandikwa thelathini na tano, inapanda sitini?"

"Kwa muda mfupi."

"Na hii ya sita?"

"Nayo hupanda kidogo. Ina viini vinne. Ile ina viini sita."

"Viini vya nini, vya mayai?"

Muuzaji alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaeleza viini, kwamba ni kama mafundi kadhaa ndani ya ubongo mmoja, Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaeleza kizazi, kwamba prosesa ndogo ya kizazi kipya yaweza kuishinda kubwa ya kizazi cha zamani inayokula mara kumi yake, Mzee akaacha kuitikia. Punda mdogo amshinde ngamia kubeba? Tena bila majani? Akakichukua kisanduku akakigeuza, akitafuta kibao. Mota ina kibao kilichopigiliwa ubavuni: volti, ampea, nguvu za farasi, mizunguko kwa dakika. Ukikisoma umemaliza. Kilichokuwa hapa ni herufi na tarakimu zilizochanganywa kama namba ya gari la wizi. Alipouliza moja alijibiwa matatu, na kila jibu lilikuwa na neno "inategemea" ndani yake kama kokoto kwenye mchele.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "hebu nisaidie. Kati ya hizi mbili, ipi nzuri?"

"Inategemea utaipa kazi gani, mzee."

Katika maneno yote aliyoambiwa siku ile, hilo peke yake ndilo lingemfaa, na ndilo alilolitupa, kwa kuwa lilifanana na mengine.

Muuzaji alimwonea huruma. "Chukua zote mbili, kajaribu nyumbani. Utakayoikataa unirudishie. Wewe ulimsukia baba pampu, mimi siwezi kukuuzia mbuzi kwenye gunia."

Mzee alirudi na mfuko mwepesi kiasi kwamba njiani alichungulia mara kwa mara kuhakikisha havijadondoka.

Bahati ikampa nafasi. Binti na mumewe walikuwa wamesafiri kwenda kupiga picha mahafali ya chuo kimoja cha uuguzi, wakaacha skrini na video za harusi. Binti alikuwa amemwonyesha jinsi ya kuwasha video ikajirudia yenyewe. Mzee akazijaza betri zote mbili, akachomoa nyaya za paneli ili jua lisije likamsaidia mmoja na kumnyima mwingine, akafunga mita yake kwenye waya, akawasha kisanduku cha watt sita. Bibi harusi akatokea kwenye skrini, akalia.

Spika aliingia bila kubisha, kama kawaida yake.

"Heh! Unaangalia harusi asubuhi asubuhi? Unatafuta mchumba?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Nani mlafi."

Walikaa. Bibi harusi alilia, akakata keki, akacheza, akalia. Jua lilipanda juu ya bati, likashuka upande wa pili. Spika alikwenda kula akarudi. "Huyu mama atakauka machozi," akasema. "Mwambie mumewe ndiye huyohuyo, habadiliki." Mpaka giza linaingia kisanduku kilikuwa bado kinaonyesha. Mzee akaweka kiganja juu yake, akafumba macho. Kilikuwa baridi kama mtungi. Hakikutoa sauti hata ya mbu.

Betri zilipojaa tena, akakiwasha kile cha watt thelathini na tano. Hicho kilikuwa na feni ndogo iliyozomea ndani kama paka aliyekanyagwa, na kiganja kilikuta uvuguvugu. Jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani inveta ilipoanza pii, pii, pii, na bibi harusi akazimika mdomo wazi.

"Hukumu imetoka," akasema Mzee Koili. Katika kusuka mota, joto ni mwizi; mota inayochemka ni ile inayougua, na inayofanya kazi ikiwa baridi ndiyo mashine ya kurithisha wajukuu. "Mlafi ni huyu. Huyu mwenziwe ndiye mkwe wa nyumba hii."

Spika alikuna kidevu. "Sasa, ulizipa kazi gani?"

"Umekaa hapa kutwa, hukuona? Zimeonyesha picha."

"Kuonyesha ni kazi?"

"Kwani wale hufanya nini? Si hutazama picha? Nimepita dirisha lile miezi yote hii."

"Wewe Koili, ukimkuta mtu anakodolea sufuria jikoni utasema kazi yake ni kutazama moto."

"Spika, redio zilikushinda, kompyuta utaziweza?"

"Redio hazikunishinda. Ziliniacha." Akanyanyuka, akajifuta vumbi la karakana. "Ngoja wenyewe warudi uwaulize."

Mzee hakungoja. Alitaka warudi wakute jambo limekwisha, kama enzi zile mtu alivyoleta mota na kuambiwa aje Alhamisi, akija Alhamisi akaikuta inanguruma. Akakirudisha dukani kisanduku chenye feni.

"Una hakika, mzee?" akauliza muuzaji.

"Nimepima."

Mwanzoni ilikuwa furaha. Binti aliporudi alikiinua kile kisanduku kwa mkono mmoja, akakizungusha kama sahani, akamkumbatia baba yake. Umeme ulikatika mchana uleule na kompyuta haikustuka. Kamera aliandika majina ya wahitimu, akajibu barua, akapanga picha, yote yalikwenda. Akampigia simu mwenye vyumba vya mjini, akamwomba asubiri kwanza. Mzee aliyasikia hayo kutoka karakana, akajikuta anapiga mluzi, yeye ambaye alikuwa akiwafukuza watu pale kwa kosa la kupiga mluzi.

Kisha ikafika siku ya kupika.

Wao wenyewe waliita hivyo, kupika video. Mzee hakuwa amelisikia neno hilo kwa sababu hakuwa amewahi kuketi nao. Kumbe ule utazamaji wote ulikuwa kuchambua mboga tu: kukata hapa, kuunga pale, kurekebisha rangi, kupandisha sauti. Mwisho wake vipande hivyo vyote humwagwa ndani ya chungu kimoja, na kompyuta peke yake, bila mtu kuigusa, huvipika mpaka viwe video moja ambayo mtu anaweza kupewa. Hapo ndipo prosesa hubanwa. Hapo ndipo watu husimama na kungoja.

Video ya wauguzi ilikuwa ndefu na chuo kiliitaka Jumatatu. Ijumaa umeme ukakatika na mawingu yakaja yakakaa juu ya bati kama wageni wasioaga. Kamera alibonyeza, mstari mwembamba ukatokea kwenye skrini, na chini yake maneno: zimebaki saa kumi na nane.

"Itapungua," akasema Kamera. "Huwa inaanza kwa kutisha."

Haikupungua. Mstari ulitambaa kama konokono mwenye kiharusi. Mzee alileta kiti akaketi kuulinda. Kisanduku sasa kilikuwa cha moto, hakikuwa tena mtungi, na bado hakikutoa sauti. Hilo ndilo lililomchanganya kuliko yote: kinateseka na hakisemi. Alasiri betri zilikuwa zimechoka, inveta ikalia, skrini ikawa nyeusi. Mstari ulikuwa haujafika hata nusu.

"Ukirudi umeme kitaendelea kilipoachia?" Mzee akauliza.

"Hapana, baba," akasema binti. "Kitaanza mwanzo."

Jumamosi betri zilipopata jua kidogo kilianza mwanzo, na Jumamosi hiyohiyo kilizima. Jumapili Kamera alichukua kifaa chenye picha zake, akapanda pikipiki kwenda mjini kuomba kompyuta ya rafiki. Video ilifika chuoni Jumanne. Chuo kilisema asante kwa sauti ile ambayo mtu hutumia akiwa amekwisha kupata mpigapicha mwingine kwa mwaka ujao.

Jumatano Mzee alimwita Kamera karakanani. Alikuwa na penseli na kipande cha karatasi ya kutandikia mota.

"Nieleze, mwanangu. Polepole. Ile nyingine, yenye feni, ingefanyaje?"

"Ingepika ile video kwa saa mbili, mzee. Pengine tatu. Halafu inatulia."

"Lakini inakula zaidi."

"Inakula zaidi, ndiyo. Kwa muda mfupi."

"Nimepima. Ilizima mapema."

"Uliipima ikionyesha, mzee. Ikionyesha haimalizi, hata ungeiwasha mwaka mzima haimalizi. Kupika kuna mwisho. Anayewahi kumaliza anawahi kulala."

Mzee akaandika. Watt za hii mara saa zake. Watt za ile mara saa zake. Akaongeza kile ambacho inveta hula yenyewe hata ikiwa imekaa bure, kwa saa zote hizo kumi na nane. Akapiga mstari, akajumlisha. Mlafi alikuwa amekula kidogo kuliko mwenzake. Akafuta, akajumlisha tena, mara hii kwa sauti kama mwanafunzi. Mlafi alikuwa bado amekula kidogo.

"Hii si hesabu," akasema. "Huu ni uchawi."

"Ni kama pampu, mzee. Pampu ndogo na kubwa, tangi moja."

Mzee Koili aliiweka penseli chini. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu wanunue pampu kubwa: ijaze tangi upesi, uizime, uende zako, ndogo itakukesheza na bili itakuja ileile. Alikuwa amewaambia wakulima, amemwambia baba yake huyo muuzaji wa kompyuta. Alilijua jambo hilo miaka yote, ila alilijua kwa maji. Hakuna aliyemwambia kwamba picha za harusi nazo zinajaza tangi.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mzee," akasema Kamera, bila ubaya wowote.

Kesho yake alfajiri Mzee alikuwa mlangoni mwa duka la kompyuta kabla halijafunguliwa. Kisanduku chenye feni kilikuwa kimenunuliwa. Muuzaji akatoa vingine vitatu. Kimoja kilikuwa cha watt kumi na tano lakini kwa jina kilifanana na kingine cha watt arobaini na tano. Cha pili kilikuwa na namba kubwa kuliko kile kilichouzwa, ila muuzaji alisema ndicho cha zamani. Namba kubwa, alieleza, haina maana ya upya, mpaka uangalie na herufi. Cha tatu kilikuwa na viini vinane, vinne vikubwa na vinne vidogo, vidogo vya kazi ndogo na vikubwa vya kazi kubwa, na chenyewe ndicho huamua kipi kifanye nini.

"Chenyewe?"

"Chenyewe, mzee."

"Na mimi nitajuaje kimeamua sawa?"

"Huna haja ya kujua."

Alisimama pale akivitazama. Mtu aliyesoma kitabu cha umeme kisicho na jalada, ukurasa kwa ukurasa, kwa taa ya chemli, bila mwalimu, mpaka akajua kwa nini shaba huchemka na chuma huvuma, sasa aliambiwa hana haja ya kujua. Ndivyo walivyomaliza kila kitu: walianza kwa kuwaondolea watu kazi, wakaishia kuwaondolea haja ya kujua. Aliweka kiganja juu ya kimoja, akakiondoa, akakiweka juu ya kingine. Vyote vilikuwa vimezimwa. Vyote vilikuwa baridi sawasawa.

"Nitarudi," akasema.

Alirudi nyumbani mikono mitupu na akakuta kamba zimetandazwa uani. Kamera alikuwa anafunga godoro. Binti alikuwa amepiga magoti akikunja mashuka.

"Mbona haraka?" Mzee akauliza. "Nimeviona vingine. Viko vitatu. Kimoja kinajiamulia chenyewe. Nipeni wiki moja."

"Baba, kaa kwanza."

"Nimekaa sana. Ulisema nikiipata hamwondoki."

"Nilisema."

"Sijaipata bado, lakini sijashindwa. Kukosea si kushindwa. Mota nyingi tu nimezisuka mara mbili."

Binti aliweka shuka juu ya goti lake, akalilaza kwa kiganja, mkono uleule wa baba yake, mpana na mfupi wa vidole. "Si kompyuta peke yake, baba. Kazi zote ziko kule. Wateja wako kule. Hata hii ingepika vizuri, tungeondoka tu, baadaye kidogo."

"Sasa kwa nini ulisema ni umeme?"

"Wewe ndiye uliyesema umeme."

"Nawe ukaitikia!"

"Niliitikia." Akainua macho. "Ulikaa wima, baba. Tangu mama afe hukuwa umekaa wima. Ningesema nini?"

Mzee akaketi juu ya godoro. Alijaribu kulipanga jambo hilo kama alivyopanga waya, zamu ya kwanza, zamu ya pili, na kila alipofika katikati akapoteza hesabu. Kama haikuwa kompyuta, basi alikuwa amepima nini kutwa mbili na bibi harusi anayelia? Kama ilikuwa kompyuta, basi yeye mwenyewe kwa kiganja chake ndiye aliyewafukuza. Na kama ilikuwa vyote viwili, kipi kilikula zaidi? Alikwenda kumuuliza Spika. Spika alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mimi sijui, Koili," akasema. "Wangu waliondoka hata bila kompyuta."

Gari la mizigo lilikuja Jumamosi, kipikapu cheupe chenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Mzee alisaidia kubeba. Alilibeba lile jitu kuukuu peke yake, akakataa kusaidiwa, akalifunga kwa kamba lisicheze njiani. Akawaambia betri ya gari hilo inaonekana dhaifu. Dereva akasema ni nzima. Mzee akasema, haya.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa hapo. Simu wanapiga, na kila mara husema watakuja, lakini kuwaona kwa macho ilikuwa hapo. Kamera alikuwa amekaa katikati, skrini mapajani imeviringishwa blanketi kama mtoto mgonjwa. Binti alikaa dirishani, kile kisanduku cha watt sita kwenye mkoba wake. Dereva akawasha injini, ikakohoa, ikanguruma mpaka vioo vikatetemeka. Binti akatoa kichwa nje na kusema jambo, jambo refu, si kwaheri tu, mkono wake ukiwa umeshika ukingo wa mlango. Mzee Koili hakusikia hata neno. Angeweza kumpungia dereva azime. Badala yake aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu aliyeelewa na kukubali, na binti akatabasamu, akarudisha kichwa ndani, na gari likaondoka.